Kuuhoji Moyo: Historia ya Kufunza Maadili Afrika Mashariki

Pate na Siyu: daftari la nafsi

Mwanzoni mwa karne ya 19 mji wa Pate ulikuwa umebaki jina. Majumba ya mawe yalikuwa yakiporomoka, biashara imehamia bandari nyingine, na koo zilizotawala zimemalizana kwa fitina na vita. Katika hali hiyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanachuoni wa huko, alitunga Al-Inkishafi. Angeweza kuwalaani watawala walioupoteza mji. Badala yake aliugeukia moyo wake mwenyewe akauhoji, ubeti baada ya ubeti: umeyaona majumba yaliyowaka taa yakigeuka makao ya popo, umewaona wenye vyeo wamelazwa kwenye mianandani ya makaburi, mbona bado umeing'ang'ania dunia?

Naanzia hapo kwa makusudi. Siku hizi tukizungumza juu ya kumfunza mwanafunzi ajitathmini na aamue lililo jema, tunasema kana kwamba jambo lenyewe limeletwa juzi na wataalamu wa mitaala. Watu wa Pwani walikuwa na neno lake: muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Neno lilikuja na elimu ya Kiislamu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea maudhui hiyo kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Alfajiri unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kitako mnafanya hesabu. Ikionekana hasara, unamdai. Kwa watu wa majahazi na maduka, mfano huo haukuhitaji kufasiriwa.

Hata hivyo muhasaba haukuwa wa kila mtu. Mtoto wa chuoni alianza na ubao na herufi, akaikariri Kurani, na adabu aliipata kwa kuamriwa: salimu, usimkatize mkubwa, mtumikie mwalimu wako. Kujihoji kulingoja mpaka mtu akomae afike kwenye darsa za msikitini. Mdogo akariri, mkubwa ndiye ajihoji. Mgawanyo huo umetufuata katika kila kipindi.

Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Watu wengi huutaja kwa yale yanayohusu mke na mume, na ni kweli kwamba hayo yamejaa. Mimi hunigusa jambo jingine: mama hatoi amri tupu. Anaeleza alivyoishi yeye mwenyewe, mwanawe ayapime mawaidha kwa maisha ya aliyeyatoa. Mwalimu anayejiweka mbele ya mwanafunzi namna hiyo ni nadra katika zama zote.

Lakini ndani ya utendi huohuo anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tusilipite hili haraka. Jamii iliyojua kuuliza moyo kuhusu kifo, mali na kiburi haikuuliza juu ya mtu aliyeteka maji ya kutawadhia. Muhasaba ulikuwa mkali, ila ulikuwa na mahali ambapo taa haikufika. Kila kipindi kina mahali pake pa namna hiyo, na anayekisimulia ana wajibu wa kupaonyesha.

Jando, unyago na swali la mashua

Nje ya kuta za miji ya mawe, na hata ndani yake, shule kubwa ya maadili ilikuwa jando na unyago. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekulia upande wa Bagamoyo na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, alieleza malezi hayo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Wari walitengwa na watu, wakawekwa chini ya makungwi, wakaimbiwa nyimbo zilizofungwa mafumbo. Fumbo halikuelezwa palepale. Mwari alitakiwa ahangaike nalo, akosee, achekwe, pengine apigwe, hatimaye afunguliwe. Na alipotoka hakuachwa peke yake: msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima anayemjua kwa jina na kwa tabia, wa kumwendea siku maisha yatakapomletea jambo lisilokuwemo katika nyimbo.

Sitaki kuyapaka asali. Mafunzo hayo yalikusudia utii kuliko uhuru wa mawazo. Msichana alifunzwa kuvumilia mambo ambayo hakupaswa kuyavumilia, na ukali wa kambini uliwaacha wengine na makovu. Ila yalikuwa na sifa mbili ambazo shule zilizofuata zilizitafuta kwa tabu: swali lilitangulia jibu, na mwulizaji alimfahamu mwulizwa.

Sifa hizo zilikuwamo pia katika ngano za jioni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na moja aliyoitoa sisi wajukuu tukiwa tumekaa mkekani, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Mtu anavuka maji na mama yake, mkewe na mama mkwe wake. Mashua inapinduka. Yeye ni hodari wa kuogelea, lakini nguvu zake zinatosha kumwokoa mmoja tu. Bibi alifika hapo akanyamaza, vidole vikiendelea na mchele. Sisi tulipiga kelele: mama! Akauliza taratibu, na mkewe aliyeacha kwao kumfuata yeye? Tukabadilika: mke! Akauliza, na huyo mama mkwe aliyempa mwanawe, atakuwa amelipwa maji ya chumvi? Tulikasirika. Binamu yangu mmoja alilia, akataka aambiwe jibu. Bibi alimwambia, "Mwanangu, jibu langu halitakusaidia siku mashua ni yako."

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba kisa hicho kinasimuliwa, kwa sura mbalimbali, sehemu nyingi za Afrika. Mtafiti wa Kimarekani William Bascom alikusanya visa vya aina hiyo kwenye kitabu kizima mwaka 1975. Ni ngano zinazoishia kwenye swali, na wasikilizaji ndio wanaobishana mpaka usingizi uwachukue.

Watoto wasio na kungwi, 1868 hadi 1925

Badiliko kubwa la kwanza lilitokana na jambo la huzuni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watumwa, na waliookolewa, wengi wao watoto, walihitaji pa kukaa. Mapadre wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kufungua kijiji chao Bagamoyo tangu mwaka 1868. Waanglikana wa UMCA waliwapokea Kiungani na Mbweni, Zanzibar. Waanglikana wengine, wa CMS, waliwaweka Freretown, Mombasa.

Watoto hao hawakuwa na bibi wa kuwasimulia, hawakuwa na somo wala kungwi, na wengine hawakujua hata kwao ni wapi. Hapo ndipo shule ilipobeba, kwa mara ya kwanza katika nchi hizi, mzigo wote wa malezi: kulisha, kuvisha, kufundisha kusoma, na kufundisha jema na baya. Tukielewa sababu hiyo hatutashangaa kwamba ilitafuta njia iliyo fupi. Njia hiyo ilikuwa katekisimu. Swali limechapwa, na chini yake jibu limechapwa. Mtoto anayeyajua yote mawili kwa moyo amehitimu.

Katekisimu ilikuwa na faida zake. Iliwapa watoto wa makabila kumi tofauti lugha moja ya kuzungumzia haki na dhambi. Wakatoliki waliongeza zoezi lililokaribiana sana na muhasaba: kabla ya kitubio mtu alitakiwa achunguze dhamiri yake kimyakimya, amri kwa amri. Lakini kwa wanafunzi walio wengi swali lilikuwa limebadilika tabia. Swali la bibi halikuwa na jibu mpaka wewe ulitoe. Swali la katekisimu lilikuwa na jibu kabla hujazaliwa.

Wachache waliliona pengo hilo. Kusini mwa Tanganyika, Masasi, ambako UMCA ilianzisha kituo mwaka 1876, Wakristo waliendelea kuwapeleka watoto wao jandoni hata walipokatazwa. Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliamua kutolipiga marufuku. Akishirikiana na mapadre Waafrika na wazee, aliruhusu jando la Kikristo: matambiko yakaondolewa, sala zikaingia, tohara ikafanywa kwa usafi zaidi, na mafunzo ya wazee yakabaki. Kwa upande wa wasichana nao unyago ukapewa sura ya Kikristo. Wamisionari wenzake wengine walimlaumu kwamba anauchezea ushenzi. Kwa maoni yangu Lucas alifanya makosa, hasa kwa kudhani kwamba yeye ndiye wa kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke katika mila ya watu. Hata hivyo alitambua jambo ambalo wizara za elimu zimechukua karibu karne nzima kulikaribia: mtoto hawezi kufunzwa maadili na watu wawili wasiosemezana.

Tabia kwa amri ya serikali, 1925 hadi 1945

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya Uingereza ilijikuta ina makoloni mengi na shule chache, karibu zote za misheni. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambamo alikuwamo Mwafrika mmoja mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata London ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Waraka ulisisitiza dini na ujenzi wa tabia. Maneno yalikuwa mazuri. Chini yake kulikuwa na hofu: kwamba Mwafrika aliyesoma bila kufinyangwa tabia angekuwa msumbufu.

Tabia hiyo ilijengwaje? Tabora, shule ya serikali iliyofunguliwa miaka ya 1920 ikiwalenga hasa watoto wa machifu, iliiga shule za mabweni za Uingereza: viranja, gwaride, michezo, kiboko. Mwanafunzi alijifunza kuongoza kwa kupewa wenzake wa kuwaamuru. Malangali, katika jimbo la Iringa, Bryant Mumford alijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 1928. Alitaka shule isimame juu ya mila za Wahehe, akawaleta wazee wafundishe historia na desturi, na vijana wakarusha mikuki kama babu zao. Jaribio halikudumu baada yake. Vijana na wazazi waliona kwamba mkuki hauwapi kazi ya ukarani, na Kiingereza kinawapa. Siwezi kuwalaumu. Mila iliyochaguliwa na mtawala ili mtawaliwa abaki alipo haiwi malezi, hata ikifundishwa na mzee wa ukoo.

Mombasa wakati huo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akifanya kazi ya namna nyingine bila msaada wa sera yoyote. Alianza na Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Aliwauliza Waislamu wa Pwani hadharani kwa nini wamebaki nyuma katika elimu, kwa nini wanatapanya mali kwenye sherehe, kwa nini mabinti hawasomeshwi. Aliandika pia vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi ili mtoto aelewe anachokariri. Kwangu mimi huyu ndiye aliyeutoa muhasaba msikitini akauweka barazani, ukawa kazi ya mji mzima.

Dar es Salaam, 22 Oktoba 1966

Uhuru ulipokuja, kila mtu alidhani shule zingejinyoosha zenyewe. Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1966 dhana hiyo ilikwisha. Wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine walivaa majoho yao wakaandamana mpaka Ikulu, Dar es Salaam, kupinga mpango wa kuwataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali.

Julius Nyerere aliwasikiliza. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa rais, amesoma Tabora ileile, amefundisha Pugu. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Palepale, kwa hasira iliyochanganyika na aibu, alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hukumbuka zaidi kufukuzwa kwa wanafunzi. Mimi naona kupunguza mshahara ndiko kulikokuwa na uzito: alikubali kwamba vijana wale walikuwa wameona mfano mahali fulani, na kwamba mahali penyewe palikuwa serikalini.

Azimio la Arusha, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa, lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa nzito. Shule tulizorithi zinamfundisha mtoto kwamba elimu ni ngazi ya kuwapanda wenzake. Zinamtenga na kijiji kinachomlipia. Zinamfanya adhani hekima imo vitabuni tu. Kwa hiyo shule iwe na shamba, wanafunzi wapange na waamue pamoja, mtihani upunguziwe ufalme. Na Nyerere aliweka sharti ambalo wengi walilisahau baadaye: elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, aweze kuchukua cha wengine au kukikataa kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Yakafuata yale yanayofuata kila mara. Udadisi haupimiki kwa urahisi, jembe linapimika. Katika shule nyingi shamba likawa adhabu au kitega uchumi cha walimu, na wanafunzi hawakuulizwa walime nini wala mapato yaende wapi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba wa kwenda chuo kikuu atoke kwanza kazini, akiwa na ushuhuda wa mwenendo mwema kutoka kwa wakubwa wake na chama. Nia ilikuwa kumpima mtu mzima mzima, si karatasi yake. Lakini mwenendo ukishapewa alama na mkubwa wako, unajifunza kumpendeza mkubwa wako. Siasa ikawa somo, somo likawa na mtihani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 Siasa iliondoka, Uraia ukashika nafasi yake, na mwanafunzi aliyekariri itikadi akafuatwa na mdogo wake aliyekariri katiba.

Kenya: maadili yapata kitabu, 1976 hadi 2002

Kenya haikupita njia ya ujamaa, lakini ilifika palepale. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ililalamika kwamba shule zinazalisha watu wenye vyeti na wasio na dira, ikapendekeza maadili yafundishwe rasmi, yakichota katika mila za jamii zetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na somo jipya la sekondari, Elimu ya Jamii na Maadili, ambalo sisi wanafunzi tuliliita SEE, kwa herufi za jina lake la Kiingereza.

Miaka hiyohiyo ya sabini mtafiti wa Kimarekani, Carolyn Edwards, alikuwa amewauliza Wakenya maswali ya mtindo wa Lawrence Kohlberg, yule mwanasaikolojia wa kisa cha mtu ambaye mkewe anakufa na dawa imo dukani kwa bei asiyoiweza: aibe au asiibe, na kwa nini? Edwards alizungumza na wanafunzi na pia na watu wazima walioheshimiwa vijijini kwa busara yao. Kwa vipimo vya Kohlberg wanafunzi wa chuo kikuu walielekea kupanda ngazi ya juu zaidi. Yeye hakukubali kwamba kwa hiyo wazee walikuwa duni. Alieleza kwamba hukumu zao ziliifaa jamii ambamo watu wanajuana uso kwa uso na kesho wataonana tena kisimani. Laiti watunga mitaala wangelitulia hapo. Walikuwa na ngano upande mmoja na utafiti upande mwingine, na vyote viwili vilisema: mpe mwanafunzi kisa, mwache aamue, kisha umtake sababu.

Walitupa kitabu chenye orodha. Nilisoma SEE katika shule moja ya Pwani katikati ya miaka ya tisini. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mchovu, mwenye madarasa mengi kuliko siku. Aliandika ubaoni, sisi tukanakili: sifa za mtu mwadilifu, faida za uaminifu, madhara ya ufisadi. Katika mtihani wa mwisho wa muhula tuliulizwa tutaje faida tano za uaminifu. Nilizikumbuka nne. Jirani yangu alikuwa na mwakenya, kikaratasi kilichokunjwa mara nane kikajificha ndani ya kifuniko cha kisanduku cha bikari. Jina hilo wanafunzi walilitoa kwa vuguvugu la siri la miaka ya themanini, ambalo karatasi zake zilipita mkono kwa mkono gizani. Alinisukumia kifuniko kwa kiwiko. Nilisoma ya tano, nikaiandika: uaminifu humpa mtu amani ya moyo. Nilipata alama zote.

Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na hakuna siku nimeweza kulisahau hilo. Msimamizi hakuniona. Lakini kinachoniuma ni kwamba katika miaka ile yote hapana mtu mzima aliyewahi kuniketisha akaniuliza swali moja: wewe, ulifanya nini wiki hii ambacho hutaki mama yako akijue, na kwa nini ulikifanya? Bibi yangu angeuliza. Alikuwa amekwisha kufariki.

Wakati sisi tukikariri, mabweni yalikuwa yakigeuka mahali pa mauti. Usiku mmoja wa Julai 1991 wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na makumi walibakwa. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, moto ukiwa umewashwa kwa petroli, na wanafunzi wenzao wakashtakiwa. Kila mara taifa liliomboleza, tume ikaundwa, na mtu akasema maadili yafundishwe zaidi. Ni haki kuuliza yangefundishwa vipi. Vijana walioingia kwenye bweni la St. Kizito walitoka katika mfumo ulioweka maadili kwenye ratiba. Waliyemkosa ni mtu wa kuwazoesha kusimama peke yao mbele ya kundi na kusema hapana, na zoezi hilo halimo katika orodha yoyote ya faida tano.

Mwaka 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni. Mtaala ulipopunguzwa masomo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, SEE iliondolewa. Sikuona aliyeililia.

Kontena na kioo, 2015 hadi leo

Hatua kali dhidi ya udanganyifu wa mitihani ilikuja kwa mkono wa dola. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wa mwaka 2015 karatasi zilisambaa kwenye simu kabla ya siku yake, matokeo ya wanafunzi zaidi ya 5,000 yakafutwa, na Machi 2016 waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya baraza la mitihani. Karatasi za mwaka huo zilifungiwa ndani ya makontena yenye kufuli mbili, polisi wakalinda. Mwaka 2015 waliopata alama A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141.

Kila ninapozisoma takwimu hizo nawafikiria wale zaidi ya 2,600. Wako waliozifanyia kazi alama zao kwa jasho, na hao walidhulumiwa na shaka iliyowaangukia. Wako pia wanaojua walichokifanya. Wamekuwa wauguzi, mahakimu, walimu wa watoto wetu. Kontena lilikusudiwa kuzuia kosa lisirudiwe, na nashukuru. Halikumfikia yeyote kati yao kumwuliza neno.

Tangu mwaka 2019 Kenya imekuwa ikitekeleza mtaala wa umilisi darasa kwa darasa. Ndani yake maadili hayana kitabu chao peke yao. Yametiwa katika kila somo, na mwanafunzi anatakiwa afanye kazi ya huduma kwa jamii kisha aeleze alichojifunza. Tanzania nayo, katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, imeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nimeona mazuri katika mtaala wetu. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba alikwenda kufagia soko kwa ajili ya picha tu, na kwamba mama muuza mboga alipomshukuru aliona haya. Sentensi mbili, kwa mwandiko mbovu. Huo ndio muhasaba, na sikuwa na kisanduku cha kuutilia alama kwenye fomu.

Nimeona na mengine. Wazazi wananunua ripoti za huduma zilizokwisha kuandikwa. Shule zina madarasa ya watoto sabini, ambamo mwalimu hawezi kulijua jina la kila mmoja, sembuse moyo wake. Fomu za kujitathmini zinajazwa dakika tano kabla ya kengele, wote wakiandika kwamba wamejifunza uwajibikaji.

Walimu wenzangu, na wazazi mnaosoma, ombi langu ni dogo. Muhula huu tengeni kipindi kimoja kisicho na maksi. Simulieni kisa cha mashua, au kisa cha mtihani wenu wenyewe, yale mliyoyafanya na hamkuyasema. Msilitoe jibu. Nyamazeni, hata kimya kikiwa kirefu, mpaka mtoto mmoja anyooshe mkono.